Tangi Lisilonuswa

Nekoye, mhandisi wa programu kutoka Nakuru, aliziba pua kando ya tangi la maziwa yaliyochacha katika kituo cha kukusanyia maziwa cha Olenguruone. Kipimajoto cha tangi kilikuwa kimekufa siku mbili kabla, lakini programu ya kwanza kati ya tatu zilizolisimamia iliendelea kutangaza nyuzi nne, baridi ya kutosha. Ya pili ikaiamini na kuyapitisha maziwa, ya tatu ikaita lori la kuyachukua. Nekoye alikuwa ameagiza kila programu ihakiki kazi ya iliyotangulia. Mkurugenzi wake akauondoa uhakiki huo, eti unachelewesha.

“Andika kwamba wakulima walileta maziwa mabovu,” mkurugenzi alimwambia kwa simu, sauti ikisikika hadi kwa Zeddy, mpokeaji maziwa wa kituo.

“Madam, kila mkebe niliunusa kabla ya kuumimina,” Zeddy alisema.

“Ulinusa, mama. Ni sisi hatukunusa,” Nekoye alijibu, agizo la mkurugenzi likimtia kinyaa, akaandika maneno hayo hayo kwenye ripoti, akatia sahihi.