Uzito wa Kiti cha Nyuma

Leo kwenye duka la spea muuzaji alifungua pakiti ya bushi mpya, zile pete za mpira zinazoshika vyuma vya chini ya gari, na ile harufu ya mpira ikanirudisha utotoni, mtaani Mbotela, ndani ya gari la baba.

Gari lile liliyumba vibaya kwenye kona. Kila tulipoenda Ukambani kwa nyanya, mama alitapika njiani, mpaka akaapa kwamba siku nyingine atapanda basi. Jumamosi moja baba alirudi na chuma kirefu kilichopindwa ncha zote mbili, cha kufungwa nyuma ili gari litulie.

Alipandisha magurudumu juu ya matofali, akaingia chini, akakifunga kwa bushi mpya bila kuzikaza. Kisha akatoa kichwa, uso umejaa grisi.

"Mama watoto, nataka uzito. Bushi hukazwa gari likiwa limebeba watu, la sivyo zitajikunja tukipanda."

Mama alijipangusa unga mikononi, akawatupia jicho majirani waliokuwa wakianika nguo, akaingia kiti cha nyuma. Sisi watoto tukabanana kando yake, mdogo wetu akapakatwa. Kiti kilikuwa kimeshika joto la jua. Kila baba alipovuta spana, tulisikia mtikisiko mdogo kwenye nyayo.

"Haya, shukeni," akasema hatimaye.

Mama alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, macho ameyafumba. "Bado," akamjibu. "Hebu tukae kidogo."

Baba hakutoka. Alibaki pale chini yetu, akagonga sakafu polepole kwa spana. Mama akamjibu kwa kisigino.