Noti Zilizopigwa Pasi

Uzee si bei. Nimechoka kulisema hilo. Watu wa Lubumbashi huniletea mafungu ya noti za zaire, pesa yetu ya zamani, wakidhani wameokota dhahabu, kumbe zilichapwa nyingi mno na kila nyumba inazo. Noti za Katanga, za ile miaka michache jimbo lilipojitenga, hizo ndizo naziheshimu.

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, alizikuta noti za namna hiyo ndani ya Biblia ya marehemu mumewe. Akaniita kwake Kasungami nizitazame. Zilikuwa na vumbi pembeni na alama za vidole, lakini karatasi ilikuwa bado ngumu, ukiigusa inalia. Nikakaza uso kuficha furaha, kama tunavyofanya sisi madalali wa noti za kale.

"Mama, hizi zinaweza kununua mabati ya nyumba yote," nilimwambia.

Akapiga vigelegele peke yake. Paa lake lilikuwa limeoza, na mvua zilikuwa karibu.

Akauliza wanunuzi wanatazama nini. Nikamjibu kwamba wanapenda noti safi, isiyo na mikunjo wala madoa. Hapo nilipaswa kuongeza neno moja tu: usiziguse. Sikuliongeza. Nilijidai nina haraka, lakini ukweli ni kwamba sikutaka ajue mengi, asije akamfuata mnunuzi mwenyewe nami nikakosa changu. Mkono mtupu haulambwi, nikajisemea, kana kwamba yule hakuwa mama yangu. Nikamwachia noti zake, nikaenda kutafuta mnunuzi.

Nilipompata, nikamwita mama mkubwa alete noti zake. Akaja kwangu amevaa kitenge cha kanisani, anatabasamu.

"Angalia, mutoto wangu! Nilizifula na sabuni ya muzuri, kisha nikapiga fer. Sasa iko propre, safi kabisa."

Zilinukia sabuni. Niliinua moja kwenye mwanga wa dirisha: rangi imepauka, karatasi imelegea kama leso kuukuu, na pasi imeiachia mng'ao usiofichika. Mnunuzi yeyote angeirudisha bila kuuliza bei.

Na nani wa kumlaumu? Mama huyu ameuza samaki wakavu wa Pweto sokoni maisha yake yote. Hapa kwetu dola yenye mpasuko mdogo au doa la wino hakuna anayeipokea. Utazunguka nayo mpaka uchoke. Noti chafu husafishwa, ndivyo anavyojua. Aliniamini, akaongeza bidii yake juu ya maneno yangu nusu.

"Mama, zimeharibika," nilisema. "Sabuni imemaliza bei yote."

"Yote?"

"Yote, mama."

Akavitazama vidole vyake. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nilijua la kusema: kosa ni langu, nilikuficha. Lilikuwa limefika kwenye ulimi.

Yeye akanitangulia.

"Unisamehe, mutoto wangu. Ulihangaika mpaka kupata muntu wa kununua, na miye nakuharibishia kazi."

Lile neno nikalimeza.

"Haina neno, mama," nikasema. "Nimekusamehe."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru.