Nilijaza "Mmiliki" Kwenye Simu, Ndugu Zangu Wakaitisha Kikao

Admin nifiche vizuri, kaka yangu yumo humu na maneno yangu anayajua. Nina miaka 36, nimeachika, nina watoto wawili. Mwaka wa nne huu naishi Kanazi kwa mama yangu mjane, nalima kibanja chake, shamba la kahawa na migomba.

Nilikikuta kimechoka, kahawa imezeeka. Akiba yangu yote ya kuuza vitenge ikaishia kwenye pampu ya sola na mabomba ya kumwagilia. Halafu ikaja kampuni moja na programu ya simu: ukisajili shamba wanakupa miche mipya ya kahawa na ya miti ya kivuli, na kila wiki wanakutumia maelekezo. Kusajili ni kuzunguka mpaka na simu mkononi. Mama mwenyewe ndiye alitangulia, akinionyesha miti ya milamula aliyoipanda babu kuweka mpaka, tunacheka.

Mwishoni simu ikauliza: wewe ni mmiliki au mpangaji? Hayo mawili tu, binti hayumo. Mama ana kisimu cha tochi, basi nikabonyeza mmiliki, jina langu. Upangaji kwa mama yangu mzazi ningeutoa wapi?

Jirani akampigia kaka yangu aliyeko Muleba kwamba nimepima kibanja. Jumapili baada ya ibada akafika na baba wadogo wawili, wakatukalisha. Kaka akasema, "Tangu lini mwisiki, mtoto wa kike, akamiliki kibanja cha ukoo?" Huyo tangu baba afe hajashika jembe pale. Nikamwambia muulize mama, tulizunguka wote. Mama akaangalia mikono yake. "Waitu, ndugu zangu, mimi mambo ya simu siyajui."

Niliumia jamani, kuliko hata siku ya talaka.

Wamenipa hadi Jumapili hii niweke jina la kaka, la sivyo niondoke na wanangu. Kampuni nayo inasema miche ni ya mwenye jina. Jana nikamuuliza mama jikoni kwa nini alinikana. Akaendelea kumenya ndizi. "Mwanangu, najua wewe ndiye unanilisha. Lakini kaka yako ndiye atakayenizika."

Leo asubuhi ujumbe umeingia: "Ndugu mmiliki, shamba lako ni kavu, mwagilia leo." Nikaenda nikawasha pampu huku nalia.

Nishaurini, nifanye nini? Na msiniambie nikaongee na mama.