Mshipi wa Sangara kwenye Ndege ya Mjomba

Mafuta ya nyonyo yakiungua hutoa harufu tamu inayokwama kooni. Mwaka niliotimiza miaka kumi na moja, uani kwetu Mkuyuni kulinuka hivyo kiangazi kizima, kwa sababu Mjomba Lukasi, fundi wa injini za mitumbwi, aliachiwa na mgeni mmoja kiinjini cha kuenea kiganjani, kilichotumia mafuta hayo. Alikiundia ndege ya mbao nyepesi, mabawa akayavika karatasi, akatufundisha kuirusha, mimi na kaka yangu Masanja. Ilifungwa nyaya mbili nyembamba. Rubani alisimama katikati ameshika mpini, nayo ikamzunguka ikivuma kama nyigu aliyetukanwa. Rubani alikuwa Masanja. Mimi, niliyezaliwa nimechoka, nilishika mkia na kuuachia nikiambiwa.

Nyaya ziliposhika kutu, Mjomba alinituma sokoni nikanunue nyingine, akavuka ziwa kwenda kazini Sengerema. "Waya tu," alisema. "Msifunge kitu kingine." Jua lilikuwa kali, mkeka ulikuwa kivulini. Nilikata mshipi wa kuvulia sangara uliokuwa stoo, nikajilaza.

Masanja aliuvutavuta. "Huu siyo waya."

"Mshipi huo unamtoa majini sangara mzito kuliko mama yako."

"Mama yangu si ndiye wako?"

"Basi uzito wenyewe unaujua."

Alicheka, akafunga. Sisi watoto wa ziwani, nani angeamini kwamba kinachomshinda sangara kitashindwa na karatasi? Lakini mshipi hunyumbuka. Mzunguko wa tatu Masanja alivuta mpini ndege ipande. Mshipi ukarefuka tu, ndege isisikie. Iliyumba, mshipi ukalegea, ikamjia usoni pangaboi likizunguka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Kwetu miguu yote minne ilibaki mizima. Lililopotea ni jicho la kushoto la Masanja. Hospitalini Mjomba aliuliza nani alileta mshipi. "Mimi," akasema Masanja. Nikatazama sakafu.

Siku hizi vijana hurusha ndege zisizo na kamba, wakiziongoza kwa simu. Masanja anatengeneza injini za boti Sengerema, na kila mwezi huvuka kuja kunisalimia, maana mimi sifiki kwake: mara jua, mara mgongo. Mjomba alihamia Kisesa, akafia huko akimwita Masanja mkaidi. Mwezi uliopita nilikaa upande wa kushoto wa Masanja, asikoniona, nikajikaza: "Kaka, ningepaswa kumwambia Mjomba ukweli."

"Kisesa si mbali," alijibu bila kunigeukia. "Ila ungelazimika kutoka nje."