Mume Wangu na Linux Yake

Mume wangu ni mtaalamu wa Linux kwa njia ileile ambayo kila mwanamume wa hapa kwetu Mlolongo ni mtaalamu wa malori: maoni anayo mengi, lori hana. Ndiye aliyeiweka Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwenye laptop yetu, akanitangazia kwamba sasa tuko huru. Uhuru wenyewe ulidumu mpaka Jumapili moja tulipotoka kanisani, akaamua kufuta sehemu moja ya diski "isiyo na kazi" ili apate nafasi ya mchezo wa mpira.

Alipoiwasha tena, ilionyesha maneno mawili matatu meupe kwenye kioo cheusi: no such partition. Hakuna sehemu kama hiyo. Chini yake, grub rescue, kisha kimya.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ndani ya laptop ile mlikuwa na mtihani wa mock wa Kidato cha Nne, kazi ya likizo nzima, na shule iliutaka kesho yake asubuhi. Nakala nyingine sikuwa nayo, mimi ninayewaimbia wanafunzi kwamba akiba haiozi.

"Hii imekufa, mwalimu," akasema, flash mkononi. "Wacha nifute yote niweke Linux upya. Itakuwa safi kabisa."

"Na mtihani wangu?"

"Si utaandika ingine? Wewe uko na Kiswahili mingi."

Nilimnyang'anya ile flash. Nikaketi na simu, nikasoma vilio vya watu waliopatwa na shida kama yangu, naye nyuma yangu akishusha pumzi za mtu aliyeonewa. Kumbe alipofuta sehemu ya tano, ya sita, iliyobeba Linux yetu na mtihani wangu, ilichukua namba yake. Nyumba ilikuwa palepale. Ploti ndiyo iliyobadilishwa namba, na GRUB, ile programu ya kuwashia, ilikuwa bado inabisha hodi kwa namba sita. Niliandika amri ya ls, ikanionyesha sehemu zilizobaki. Nikaielekeza kwenye ya tano, nikaandika insmod normal, kisha normal. Laptop ikawaka. Nikaiweka GRUB upya ili anwani mpya isiipotee. Mtihani ulikuwepo wote, hadi nukta ya mwisho. Nililia kidogo na sioni aibu kusema.

Nilipokuwa naupitia, nilimsikia jikoni akimpigia rafiki yake wa Athi River. "Laptop ilikuwa imeharibika," akamwambia, "lakini nimeitengeneza."

Isikilizeni hiyo sarufi. Kuharibika kulikuja kwenyewe kama mvua, kutengeneza ndiko kulikopata mwenyewe.

Mtihani ulikuwa na nafasi ya swali moja zaidi. Nikaandika: Andika upya sentensi hii ukimtaja mtenda: Laptop imeharibika. Alama mbili. Kisha nikafungua mwongozo wa kusahihisha, nikaandika: Mume wa mwalimu ameharibu laptop. Jibu jingine lisikubaliwe.