Besi niliyoifunga kwa shuka jeupe

Admin, ficha jina langu na la kijiji pia, maana mdogo wangu anafuatilia ukurasa huu na sitaki ayajue haya kwa kusoma kwenye simu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, fundi simu Geita mjini, kwetu ni Shinyanga vijijini. Sijaoa. Ni mtu wa utani sana, yaani ukikaa na mimi dakika tano lazima ucheke. Siku hizi hata kutabasamu sina hamu.

Mwaka huu niliingiwa na hamu ya kujifunza besi. Si lile gitaa la kuvaa begani, ni ile besi inayopigwa imesimamishwa, ndefu kuliko mtu. Kuna mzee alikuwa anapiga kwenye bendi ya hoteli, vidole vikaanza kumsumbua, akawa anauza ya kwake, ya umeme. Ya umeme haina lile tumbo kubwa la mbao, ni kama ubao mwembamba wenye shingo, na bila spika haisikiki. Mimi nilikuwa sijui chochote. Nilichokagua ni kama inawaka taa. Mzee akaniuliza, "Shingo umeitazama? Nyuzi umezigusa?" Nikamwambia, "Mzee wangu wewe nipe tu, tutajuana hukohuko." Begi lake lilishaliwa na panya, kwa hiyo akanipa shuka lake jeupe, tukaizungushia yote, tukafunga kamba juu, katikati na chini, ili isigongwe njiani.

Nilitaka mama aione kwanza. Mama ameimba kwaya tangu usichana wake, na kanisani kwetu kuna spika ya sola. Nikasema Jumapili italia pale, yeye akiwa kiti cha mbele. Basi nikashuka kwenye lami, nikakodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kwenda kijijini, nikakaa nyuma nimeipakata besi yangu kama mtoto.

Sasa mjue kwamba mdogo wangu, nimwite Maduhu, anachimba dhahabu Rwamgasa. Wakati huo ilikuwa wiki ya tatu hapatikani kwenye simu. Mimi sikuwa na wasiwasi, simu za wachimbaji zinaingia maji kila siku, mimi ndiye ninayezitengeneza. Mama ndiye alikuwa halali. Na kijijini kwetu vijana wa machimbo wamesharudishwa maiti vilevile, mmoja amezungushiwa shuka, amelazwa nyuma ya gari, ndugu yake amempakata.

Karibu na nyumbani tukamkuta jirani yetu, Bibi Kabula, mjane. Huyo ni mtani wangu tangu utotoni, ananiita mume wake, na sisi watani tunataniana hata msibani. Dereva akapunguza mwendo kwa sababu ya mashimo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umekaa hivyo? Umempakata nani?"

Nikakunja uso. Nikasema, "Ni Maduhu, bibi. Tunamrudisha nyumbani."

Nilisubiri anitukane kama kawaida yake. Hakunitukana. Alitupa jembe, akashika kichwa, akakimbilia njia ya miguu inayokatiza mtoni kuelekea kwetu. Dereva alikuwa mbele, hakusikia kitu, na gari ilibidi lizunguke kwenye karavati. Mimi nikacheka. Jamani, nilicheka! Nikajisemea leo nimempata bibi, tukifika atanirushia mwiko.

Tulipokaribia nikasikia yowe. Mama alikuwa amesimama uani. Akaliona lile shuka jeupe nyuma ya gari, akaita jina la Maduhu mara moja, akaanguka. Nikaruka chini napiga kelele, "Mama ni besi! Ni ya muziki, mama!" Mdomo ulikuwa umeshapinda. Presha alikuwa nayo siku nyingi. Tukampakia kwenye kirikuu hichohicho, besi tukaiacha kwenye vumbi. Siku ya tatu alifariki bila kusema neno. Maduhu alipofuatwa machimboni alikuja mzima wa afya, kumbe simu ilikuwa imeharibika tu, akamzika mama aliyekufa akimlilia yeye.

Watu wakaanza kuuliza, nani alianzisha kilio? Bibi Kabula. Alipobanwa akasema, "Niliona gari." Basi. Hajanitaja hadi leo. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye mkeka, nimeinamisha kichwa. Sasa wanasema ni mchawi, aliuita msiba makusudi, wanayataja macho yake mekundu, macho ya mwanamke aliyepikia kuni maisha yake yote! Hakuna anayemsalimia, kisimani wanasubiri aondoke kwanza. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wameitisha kikao Jumamosi hii ili afukuzwe kijijini, na anayelisukuma jambo hili ni Maduhu. Aliniambia, "Kaka, huyu bibi akibaki hapa, mimi sijui nitamfanya nini." Nikamwambia atulie. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya, kumwambia atulie.

Besi iko chumbani kwa mama, imeegemezwa ukutani. Sijaigusa. Mchungaji anataka niipige siku ya arobaini, anadhani itanifariji.

Jumapili nilimwendea Bibi Kabula. Alikuwa anafunga vyombo vyake. Hakuniita mume wangu, aliniita mwanangu. "Mwanangu, baadaye nilielewa kwamba ulikuwa utani. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na uchungu wa mama yako, nikasema ukipoa utasema mwenyewe. Bado hujapoa?" Nikaondoka bila hata kumuaga.

Leo ni Alhamisi. Nikisema, Maduhu hatakuwa ndugu yangu tena, na tumebaki wawili tu duniani. Nikinyamaza, bibi wa watu anakwenda kuhangaika uzeeni kwa kosa langu. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini ndugu zangu: naanzaje kumwambia mdogo wangu kwamba aliyemuua mama yetu si bibi, ni mimi, na nilikuwa nacheka?