Mama Cherehani na Abee Zake Tatu

Wadau, neno "abee" linanitoa jasho mpaka leo. Msicheke, someni kwanza.

Mimi niko kwenye mashine ya mionzi hospitalini. Kazini waliniita Chapchap, maana kwangu foleni ilikuwa haikai.

Miaka minane iliyopita alikuja mshonaji mmoja, Mama Cherehani. Saratani ya titi la kushoto. Upasuaji alishafanyiwa, ilibaki mionzi.

Sasa titi la kushoto lina jirani yake, moyo. Mgonjwa akivuta pumzi nyingi akaibana sekunde ishirini, mapafu yanajaa, moyo unasogea mbali na mionzi. Anayeweza tunamchagulia njia hiyo. Asiyeweza anatibiwa akipumua kawaida, na moyo unaambulia chake.

Wa kuchagua nilikuwa mimi.

Nikamlaza, nikatoka, mlango mzito ukafungwa. Naongea naye kwa spika. Yeye ananisikia, mimi simsikii, maana kipaza sauti cha ndani kilikuwa kibovu wiki nzima. Naangalia tu mstari wa pumzi kwenye skrini.

"Mama, vuta pumzi. Bana hapo hapo."

Mstari ukapanda, ukatulia. Safi.

"Mama, usiachie!"

Ukaanguka.

Mara ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

"Huyu pumzi hana," nikamwambia mwenzangu. Nje walikuwa wanasubiri kumi na wanane. Nikaandika: HAWEZI. Akatibiwa akipumua kawaida.

Saratani haikurudi. Nikajipigia makofi.

Mwaka huu nikapeleka faili kliniki ya moyo. Nesi akaita mlangoni, "Mama Cherehani!"

"Abee," ikaitika sauti ya kuhema kutoka kwenye benchi.

Ni yeye. Miguu imevimba, viatu kavishika mkononi. Daktari alishamwambia moyo umechoka, na mionzi ile huenda ilichangia.

Nikamsogelea, nikamsalimia. Akatabasamu.

"Sauti hii! Si wewe yule wa kwenye spika?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ulinisumbua wewe! Nikishabana tu, unaniita. Mtu anaitwa, ataachaje kuitika?"

Nikakaa kando yake.

"Kumbe ulikuwa unaitika?"

"Abee, abee, mpaka nikachoka. Na mimi kubana pumzi ndiyo kazi yangu. Uzi unapitaje kwenye sindano ukiwa unahema?"

Nikamweleza yote, hata lile neno nililoandika. Akanyamaza, ananitazama. Nikajikuta nahesabu, mazoea ya kazi. Sekunde ishirini na mbili.

"Kwa hiyo ni adabu tu, mwanangu?"

Nililia pale pale mbele ya watu.

Wiki iliyopita tumemzika.

Siku hizi, kabla sijafunga ule mlango, namwambia kila mgonjwa: nikikuita, usiitike. Na wewe unayesoma, kabla hujaandika kwamba mtu hawezi, rudi ndani ukamuulize.